Cha Nani Hiki? Kuieleza Nyumba na Mali kwa Kiingereza

Mtu anayeanza kujifunza Kiingereza huombwa mapema sana aeleze anakoishi na alicho nacho. Katika viwango vya umilisi wa lugha vilivyochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, ambavyo leo vinatumika hata nje ya bara hilo, kueleza mahali unapoishi kwa sentensi fupi ni jambo la ngazi ya kwanza kabisa, ile iitwayo A1. Kwa hiyo somo la nyumba hudhaniwa kuwa jepesi. Mwalimu huchora nyumba ubaoni, akaandika majina ya mlango, dirisha, paa na vyumba, nao wanafunzi wakayakariri. Wiki inayofuata mwanafunzi yule yule aliyeyataja majina yote bila kosa huandika “My house it has three rooms” na “My mother is in his kitchen”, kisha akarudishiwa daftari lililojaa wino mwekundu asijue alipokosea. Makosa ya namna hiyo hayatokani na uhaba wa maneno, wala na uvivu. Yanatoka katika sarufi ya Kiswahili yenyewe, ambayo ina utaratibu wake wa kusema kitu ni cha nani na kiko wapi, na utaratibu huo unakutana na wa Kiingereza mahali pachache tu, tena pasipotarajiwa.

Tuanze na maneno, kwa kuwa hayo ni mzigo mdogo kuliko inavyoaminika. Msemaji wa Kiswahili ambaye hajawahi kuingia darasa la Kiingereza tayari analo blanketi kitandani, glasi mezani, droo, kochi, friji, sinki, swichi ukutani na geti la nje. Anachopaswa kufanya ni kuyavua maneno hayo irabu tulizoyavisha ili yakae vizuri kinywani mwetu, hasa irabu ya mwisho, kwa maana Kiingereza hakioni taabu kufunga neno kwa konsonanti. Si vyombo vyote vilivyotoka huko, bila shaka. Meza tuliipata kwa Wareno, na kwa hiyo “table” ni lazima ijifunzwe upya.

Kinachohitaji uangalifu zaidi ni yale maneno ambayo mipaka yake hailingani. Ngazi tunayoiegemeza ukutani ili kupanda juu ya paa ni “ladder”, lakini ngazi za saruji za kupandia ghorofani ni “stairs”. Saa ya mkononi ni “watch” na ya ukutani ni “clock”. Kioo cha kujitazamia ni “mirror”, ilhali kioo cha dirisha ni “glass”. Kabati la vyombo ni “cupboard”, ambalo herufi yake p haisikiki kabisa, na kabati la nguo ni “wardrobe”. Jiko ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote, kwa sababu linataja chumba cha kupikia, ambacho ni “kitchen”, na pia chombo cha kupikia, ambacho ni “stove”. Anayesema kwamba jana alinunua “a new kitchen” sokoni kwa bei nafuu atawashangaza wasikilizaji wake. Mara nyingine mambo hugeuka, Kiingereza kikawa ndicho chenye neno moja mahali tulipo na mawili: sakafu unayoipiga deki na ghorofa unayoishi vyote ni “floor”. Na yule mbuzi wetu wa kukunia nazi, ambaye hali majani wala halii, ni “coconut grater” tu. Jina la mnyama halimhusu.

Sasa tuingie kwenye umiliki. Kiswahili hakina kitenzi maalumu cha kumiliki kinachotumika kila siku. Tunasema nina baiskeli, na ukiichambua kauli hiyo utaona kwamba maana yake ya ndani ni kuwa pamoja na baiskeli: ni- ya nafsi imeungana na -na ile ile iliyomo katika “Juma na Asha”. Kitenzi kuwa kimejificha kwa sababu tuko katika wakati uliopo. Mara tu unapohamia wakati mwingine kinajitokeza: nilikuwa na baiskeli, nitakuwa na baiskeli. Kiingereza kinacho kitenzi kamili cha kazi hiyo, “have”, ambacho hakihitaji msaada wa kuwa katika wakati wowote kati ya hizo: “I have a bicycle”, “I had a bicycle”, “I will have a bicycle”. Mwanafunzi anayesikia “nilikuwa” kichwani mwake hutafuta mahali pa kuiweka “was”, na hapo ndipo inapozaliwa “I was having a bicycle”, sentensi ambayo mtu huweza kuisikia Afrika Mashariki hata kwa watu waliosoma sana. Kumiliki kitu ni hali, na Kiingereza hakitumii umbo la “-ing” kwa hali hiyo. “I am having lunch” ni sahihi kwa sababu hapo “have” haina maana ya kumiliki, ni kula.

Kikwazo cha pili cha “have” ni umbo lake kwa nafsi ya tatu, yaani “has”, na namna linavyopotea katika kukanusha. Ana gari ni “She has a car”. Hana gari ni “She does not have a car”, kwa kuwa ile s ya nafsi ya tatu imekwisha kuhamia katika “does”, na haiwezi kuwa mahali pawili. Nyumba nayo huweza kumiliki, kama katika Kiswahili: nyumba ina vyumba vitatu, “the house has three rooms”. Ila tazama ile i- ya “ina”. Katika Kiswahili kiambishi cha nafsi ni lazima kiwepo hata kama nyumba yenyewe imetajwa. Katika Kiingereza nomino ikiwepo kiwakilishi huondoka, na ndiyo maana “My house it has” ina neno moja la ziada, ambalo mwanafunzi alilitafsiri kwa uaminifu mkubwa kutoka katika kiambishi chake.

Hata hivyo, tofauti kubwa kuliko zote iko katika neno dogo linalofuata kitu. Tunasema kiti chake, jembe lake, nyumba yake, vyombo vyake, mume wake. Konsonanti ya mwanzo ya neno hilo hubadilika kulingana na ngeli ya kinachomilikiwa, na mwenyewe habadilishi chochote: awe mwanamume au mwanamke, kiti kitabaki kuwa chake. Kwa hiyo anayesikia “chake” amepewa habari kuhusu kitu. Kiingereza hutenda kinyume. Katika “her chair” hakuna lolote lililosemwa kuhusu kiti, na “her” haitabadilika viti vikiwa kumi. Kilichosemwa ni kwamba mwenyewe ni mwanamke. Kiswahili hukitazama kitu, Kiingereza humtazama mwenye kitu.

Kwa kuwa wasemaji wa Kiswahili wamezoea tangu utotoni kuangalia kinachomilikiwa, huendelea kufanya hivyo hata wanapokuwa wamekwisha kujua kwamba “his” ni ya mwanamume na “her” ni ya mwanamke. Wanajua kanuni, ila wanaitumia kwa mtu asiyehusika. Asha anaongea na mume wake. Mume ni mwanamume. Basi mwanafunzi anaandika “Asha is talking to his husband”. Ukimwuliza, ana sababu nzuri, na kwa mantiki ya lugha yake hajakosea. Dawa niionayo ni kuacha kutafsiri neno “wake” peke yake na kujiuliza kwanza mwenyewe ni nani: Asha, basi “her husband”. Mama yuko jikoni kwake: mwenyewe ni mama, basi “her kitchen”. Na kama mwenyewe ni kitu, kama meza na miguu yake, neno ni “its”, lisiloandikwa kwa alama ya ritifaa, kwa maana “it's” yenye alama hiyo ni kifupi cha “it is”. Kosa hilo hata Waingereza wenyewe hulifanya kila siku, basi asione haya anayelifanya.

Tuangalie pia kiunganishi -a, ambacho katika Kiswahili kinafanya kazi ya watumishi watatu bila kulalamika. Meza ya baba, meza ya mbao na meza ya kulia zote zimeundwa kwa “ya” moja. Kiingereza kitazitenganisha: ya kwanza ni “my father's table”, ya pili “a wooden table”, ya tatu “a dining table”. Mwenye mali akiwa mtu, jina lake hutangulia na kufuatwa na ritifaa na s. Mwenye mali akiwa kitu, mara nyingi majina mawili hukaa bega kwa bega bila kiunganishi, kama “car key” kwa ufunguo wa gari, au “table leg” kwa mguu wa meza. Anayesema “the key of the car” ataeleweka, lakini atasikika kama mtu anayesoma hati ya kisheria. Na mnyororo wa wamiliki unapokuwa mrefu, Kiingereza huugeuza wote nyuma mbele: nyumba ya rafiki wa dada yangu ni “my sister's friend's house”, ambapo neno tulilomaliza nalo ndilo wao walianza nalo. Kuna mahali ambapo lugha hizi mbili zinashikana mikono. Sisi tunasema kwa Asha bila kutaja nyumba, nao husema “at Asha's” bila kutaja nyumba. Kadhalika njoo kwangu ni “come to my place”.

Kiswahili kinaruhusu pia kurundika viashiria na vimilikishi: meza yangu hii kubwa. Kiingereza hakikubali “this” na “my” kutangulia jina moja, kwa hiyo “this my big table” hukataliwa, na badala yake husemwa “this big table of mine”. Umbo hilo “mine” ndilo linalotumika pia wakati kimilikishi kinaposimama peke yake bila jina baada yake. Hiki ni changu: “This is mine”. Kiti hiki ni cha nani? “Whose chair is this?”

Jambo ambalo walimu wengi huliacha likiwa fumbo ni “a” na “the”. Huambiwa wanafunzi kwamba Kiswahili hakina vitu hivyo, kisha wakaachwa wakisie. Ni kweli kwamba hatuna neno la namna hiyo, lakini kazi yake tunaifanya kila siku kwa kiambishi cha mtendwa. Nimenunua kabati: hapa kabati ndiyo kwanza linaingia katika mazungumzo, nacho Kiingereza husema “a cupboard”. Kabati nimeliweka chumbani: sasa linajulikana, ndiyo sababu ile -li- imejitokeza ndani ya kitenzi, nacho Kiingereza husema “the cupboard”. Ulinganifu huo una mipaka yake, hasa kwa watu na wanyama, ambao huchukua kiambishi hicho kwa urahisi zaidi, lakini kwa vyombo vya nyumbani unatosha kumwongoza anayeanza. Akishakuwa na kimilikishi, vyote viwili huondoka: ni “my cupboard” tu, kamwe si “the my cupboard”.

Mahali nako kuna mvutano wa namna hiyo. Kiambishi -ni kimoja kinatuhudumia mezani, ukutani, chumbani, mlangoni na nyumbani, ilhali Kiingereza kinadai “on the table”, “on the wall”, “in the bedroom”, “at the door” na “at home”. Kikombe kilicho mezani kiko “on the table”, bali watu waliokaa mezani wakila wako “at the table”. Ingawa inaonekana kwamba Kiingereza kina hazina na sisi hatuna, tazama upande wa kitenzi: mezani pana kikombe, kabatini mna nguo, kijijini kuna msiba. Tofauti ya mahali mahususi, ndani, na eneo lisilo na mpaka tunaieleza kwa pa-, m- na ku-, yaani katika kitenzi, wakati Kiingereza huieleza katika kihusishi na kuziacha zote tatu ziwe “there is”. Mwenye sikio la “mna” na “kimo” tayari analo sikio la “in”. Kinachobaki kwake ni kukumbuka kwamba “there is” hubadilika wingi unapoingia, “there are two chairs”, jambo ambalo “kuna” yetu haina haja nalo. Vilevile aangalie mbele ya: duka lililo ng'ambo ya barabara, likitazamana na nyumba yetu, ni “opposite our house”. Likiitwa “in front of our house”, msikilizaji huweza kulifikiria liko upande wetu wa barabara, karibu na mlango.

Maneno yanayokataa wingi niyataje kwa haraka. “Furniture” haina wingi wala haikubali “a”, sawa na samani yetu isiyobadilika. Kipande kimoja ni “a piece of furniture”. “Luggage” na “equipment” zinafuata njia hiyo hiyo. Nyumba yenye vyumba vitatu vya kulala huitwa “a three-bedroom house”, bila s, kwa sababu hapo maneno hayo yamegeuka sifa, na sifa za Kiingereza hazina umbo la wingi.

“House” na “home” zinahitaji nafasi kubwa zaidi. Kwa kawaida husemwa kwamba ya kwanza ni nyumba, yaani jengo, na ya pili ni nyumbani, yaani mahali pa moyo. Katika Kenya maana hizo zimekwenda mbali zaidi: mtu aliyeishi Nairobi miaka thelathini akiulizwa “Where is home?” huenda akataja kijiji cha babu yake. Tofauti hiyo iliwahi kubishaniwa mahakamani. Wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika katika shamba lao karibu na Ngong, nje ya Nairobi, nao ukoo wa Kiluo wa marehemu, Umira Kager, ukataka azikwe Nyalgunga, huko Siaya. Miongoni mwa hoja za kesi hiyo, iliyofika Mahakama ya Rufani, ilikuwa kama makazi ya Mluo mjini yaweza kuitwa “home” au ni “house” tu, hata yawe ya fahari namna gani. Ukoo ulishinda, na marehemu akazikwa Nyalgunga Mei 1987. Mwanafunzi wa ngazi ya kwanza hahitaji kubeba uzito wote huo. Anahitaji kujua kwamba kwetu na nyumba yangu si neno moja katika Kiingereza pia, na kwamba “home” haitaki “to” baada ya kitenzi cha mwendo: naenda nyumbani ni “I am going home”.

Anayetafuta chumba cha kupanga atakutana na tofauti nyingine, za nchi na nchi. Mpangaji wa Dar es Salaam huzoea kusema chumba na sebule, akihesabu vyote viwili. Tangazo la Marekani au Uingereza huhesabu vyumba vya kulala peke yake, kwa hiyo makazi hayo yangeitwa “one-bedroom”. Chumba chenye choo na bafu ndani, ambacho Afrika Mashariki huitwa “self-contained”, Uingereza huitwa “en suite”, kwa maana kwao “self-contained” ni makazi yenye mlango wake, jiko lake na bafu lake. Ghorofa nazo zina vituko: Uingereza, na kwetu tuliorithi desturi hiyo, ngazi ya chini ni “ground floor” na “first floor” ni ya juu yake, lakini Marekani “first floor” ndiyo hiyo hiyo ya chini. Familia za Wakongo zilizohamishiwa Marekani kutoka kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma zinakutana na neno hilo katika mkataba wa upangaji, na anayelielewa kwa desturi ya huku atapanda ngazi bure. Aidha, Kiswahili hutofautisha kupanga na kupangisha kwa kiambishi kimoja tu, -ish-, wakati Kiingereza hutumia “rent” pande zote, na kumwongezea mwenye nyumba “rent out”. Kwa kuazima na kuazimisha mambo ni kinyume: hapo wana maneno mawili yasiyofanana, “borrow” na “lend”, na anayesema “Borrow me your bucket” ameyachanganya.

Nimalizie kwa mfano unaokusanya mengi ya hayo. Chukua nyumba ya vyumba sita ya mitaa ya zamani ya Dar es Salaam, yenye ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma na baraza mbele. Kijana anayeishi humo na shangazi yake aweza kuandika hivi: “I live with my aunt in Temeke. We rent two rooms in a six-room house. The house has a long corridor and an iron roof. Behind it there is a yard, and the women cook there. My aunt has a sewing machine. The machine is hers, but the table under it belongs to our landlord.” Katika sentensi hizo fupi cherehani imeingia kwa “a” na kurudi bila kusitasita kwa “the”, yake ya shangazi imekuwa “hers” kwa sababu shangazi ni mwanamke, wala cherehani haikuulizwa, ukumbi umekuwa “corridor” kwa sababu “hall” ingeleta picha ya mahali pa mikutano, na vyumba sita vimepoteza wingi wao katika “six-room”.

Kilichoachwa nje ni baraza. Wengine huandika “verandah”, lakini hilo humfikirisha msomaji sehemu iliyoezekwa, yenye nguzo na viti, wakati baraza letu huenda likawa tu ukingo wa saruji uliojengwa pamoja na ukuta, ambapo wenyeji na wapita njia hukaa jioni wakacheza bao. Mwanafunzi akilikosa neno, aseme wazi kilivyo: “There is a low cement bench along the front wall, and the neighbours sit on it in the evening.”